Kurudisha siku ya kuonana: mwongozo kamili wa kuwakutanisha watoto walio katika malezi ya kambo na familia zao wakati wa mlipuko

Ugonjwa wa mlipuko ukitangazwa, kumzuia mzazi asimwone mtoto wake ni kazi ya dakika tano. Simu moja kutoka halmashauri inatosha. Kuwakutanisha tena ndiko kunakochukua miezi, maana shule, masoko na nyumba za ibada hutangaziwa tarehe ya kufunguliwa, lakini hakuna tangazo linalomtaja mtoto anayeishi kwa mlezi wa kambo, yaani mtu aliyekabidhiwa kumlea kwa muda, huku mama yake akimsubiri mkoa wa pili. Mwaka 2020 Tanzania ilifunga shule tarehe 17 Machi, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa, na ilipofika tarehe 29 Juni zote zilikuwa zimefunguliwa. Watoto wakarudi kubanana watatu dawati moja. Mtoto aliyekaa hivyo na wenzake asubuhi nzima hawezi kuambiwa kwamba kukaa na mama yake nusu saa chini ya mti ni hatari isiyovumilika.

Mwongozo huu ni wa afisa ustawi wa jamii, mlezi wa kambo, msimamizi wa makao ya watoto na mzazi mwenyewe. Nimeuandika kwa mazingira ya Tanzania. Msomaji wa Kenya amweke afisa wa watoto mahali pa afisa ustawi, na mengi yatamfaa vilevile.

Kwa nini usisubiri mpaka mlipuko uishe

Kifungu cha 9 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto kinasema mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa pale inapomdhuru mtoto. Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto kinasema hivyo pia. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mzazi, mlezi au ndugu aliyekuwa akimlea mtoto kuomba mahakamani nafasi ya kumtembelea. Ugonjwa haufuti haki hiyo. Unabadilisha namna ya kuitekeleza.

Halafu kuna umri. Kuanzia tarehe 6 Aprili 2020 serikali ya Kenya ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake, na zuio likaondolewa tarehe 7 Julai. Mtoto aliyekuwa Nairobi na bibi yake yuko Nyeri alikaa miezi mitatu bila kumwona. Kwa kijana wa miaka kumi na tano hiyo ni hasira na simu nyingi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu ni sehemu kubwa ya maisha yote anayoyakumbuka. Siku ya kukutana, mtoto huyo anaweza kumng'ang'ania mlezi na kumlilia mama kama mgeni. Mtu aliyepo anaandika kwenye ripoti kwamba "mtoto hana uhusiano na mzazi", na sentensi hiyo inasafiri mpaka mahakamani, kumbe uhusiano ulikatwa na zuio.

Marekani waliiona hatari hii mapema. Tarehe 27 Machi 2020 ofisi ya serikali kuu inayosimamia masuala ya watoto ilizisihi mahakama zisitoe amri za jumla za kusitisha ziara za ana kwa ana, kila mtoto aangaliwe peke yake. Sababu mojawapo ni sheria yao ya mwaka 1997: mtoto akikaa nje ya familia yake miezi 15 kati ya 22, kwa kawaida jimbo linapaswa kuomba mzazi avuliwe haki zake, ingawa ipo misamaha. Hesabu ya miezi hiyo haikusimama kwa sababu ya korona. Kwetu utaratibu ni mwingine, ila funzo ni lilelile: usisimamishe ziara za watoto wote kwa barua moja.

Hatua ya kwanza: jua ugonjwa unavyoambukizwa

Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika. Watu wananakili masharti ya korona na kuyabandika kwenye kila ugonjwa. Barakoa haimkingi mtu na kipindupindu, na umbali wa mita moja hausaidii kitu kama mtoto ataenda kulala kwenye shuka la mtu mwenye vipele vya mpox. Kabla ya kupanga lolote, mpigie mganga mkuu wa wilaya au mtu wa afya kwenye kituo chenu, au piga 199, namba ya Wizara ya Afya, uulize mambo matatu: unaenezwa kwa njia gani, mtu anaanza lini kuambukiza wengine, na aliyekutana na mgonjwa anafuatiliwa kwa siku ngapi.

Magonjwa ya njia ya hewa kama korona yanaogopa uwanja wa wazi. Mtu anaweza kuambukiza kabla hajajisikia vibaya, kwa hiyo kupima joto getini hakutoshi. Kinachosaidia ni kukutana nje, kupunguza idadi ya watu, barakoa kwa wakubwa, na muda usiwe mrefu mno mwanzoni. Surua nayo ni ya hewa na inaenea haraka zaidi. Hapo angalia kadi za kliniki za watoto wote wa nyumba zote mbili, kuona kama wamechanjwa, kabla ya kitu kingine.

Mpox inataka mgusano wa karibu: ngozi kwa ngozi, nguo, taulo, matandiko. Kuna kitu kimoja tu cha kuuliza kwa uzito: kuna yeyote mwenye vipele, au aliyekaa na mwenye vipele ndani ya siku 21? Kama jibu ni hapana, ziara inaweza kuendelea bila hofu kubwa. Kama ni ndiyo, kukumbatiana kunasubiri. Aliyeugua anakaa kando mpaka magamba yadondoke na ngozi mpya iote, jambo linalochukua wiki mbili mpaka nne.

Kipindupindu ni maji, chakula na mikono. Kumkumbatia mama hakumpi mtoto kipindupindu. Ugali uliopikwa jana na kubebwa kwenye hotipoti kutoka mtaa wenye wagonjwa unaweza kumpa. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, chakula kipikwe palepale na kiliwe cha moto, choo kiwe na sabuni.

Marburg na Ebola ni habari nyingine kabisa. Kagera imepitia Marburg mara mbili, mwaka 2023 na tena mwaka 2025, na waliokutana na wagonjwa waliwekwa kwenye orodha na kufuatiliwa siku 21. Aliye kwenye orodha hiyo asikutane na mtoto ana kwa ana mpaka siku zake ziishe. Hapa hakuna kubembelezana. Mtu asiye kwenye orodha na asiye na dalili haambukizi, na haifai mama aliyeko Muleba anyimwe mtoto wake kwa sababu tu anatoka mkoa uliotajwa redioni. Jambo la kukataa moja kwa moja ni kumpeleka mtoto kwenye msiba wa mtu aliyekufa kwa ugonjwa huo. Mwili wa marehemu unaambukiza, na mazishi yanasimamiwa na wataalamu.

Hatua ya pili: kaeni kikao, mtoto mmoja baada ya mwingine

Afisa ustawi ndiye anayeita. Wawepo mlezi, mzazi au ndugu anayemtembelea mtoto, na mtoto mwenyewe kama anaweza kusema anachotaka. Mkishindwa kukutana, simu yenye spika inatosha. Yanayojadiliwa ni haya.

Kwanza faili. Kama mahakama ilizuia mzazi asionane na mtoto, au iliagiza aonane naye mbele ya msimamizi, amri hiyo ipo palepale. Kulegezwa kwa masharti ya ugonjwa hakugusi amri ya mahakama. Na kinyume chake: ugonjwa usitumike kuficha sababu nyingine. Kama mlezi hataki ziara kwa sababu baba alikuja amelewa mara ya mwisho, aseme hivyo, ishughulikiwe kama suala la usalama wa mtoto.

Pili afya za watu wa nyumba zote mbili. Walezi wengi ni watu wazima wenye kisukari au presha, na hofu yao ni ya haki. Mtoto mwenyewe anaweza kuwa na selimundu, pumu au utapiamlo. Mambo haya yanazungumzwa na afisa faragha. Hali ya VVU ya mtoto au mzazi haisomwi kikaoni kwa kisingizio cha kupima hatari. Afisa anasema tu, "kwa ushauri wa daktari, tutakutana nje na muda utakuwa mfupi."

Tatu ni shughuli za kila siku. Mama anayeuza samaki soko la feri anakutana na mamia ya watu. Mlezi anayeendesha duka naye vilevile. Nimesikia mara nyingi mzazi akihojiwa kama mshtakiwa kuhusu kila alipokwenda wiki nzima, wakati mlezi haulizwi hata swali moja. Waulizwe wote maswali yaleyale, kwa sauti ileile.

Hatua ya tatu: andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja

Kiswahili chepesi, nakala tatu. Mfano wa makubaliano yanayofanya kazi wakati wa ugonjwa wa hewa ni huu:

"Watakaokuja ni mama na shangazi. Jumamosi, saa 4 mpaka saa 5 asubuhi, chini ya mwembe wa ofisi ya kata. Wakubwa watavaa barakoa. Wote watanawa kwa sabuni wakifika. Kukumbatiana kunaruhusiwa baada ya kunawa. Safari hii hatutakula pamoja. Zawadi iwe nguo iliyofuliwa, daftari au kitu kinachofutika. Yeyote atakayeamka na homa, kikohozi au mafua apige simu kabla ya saa 2. Akipiga, hatahesabiwa kwamba hakuhudhuria: ataongea na mtoto kwa simu siku hiyohiyo, na tarehe nyingine itapangwa papo hapo."

Sentensi mbili za mwisho ndizo muhimu kuliko zote. Mzazi anayejua kwamba kukosa ziara kutaandikwa dhidi yake atameza panadol, ajifute jasho, aje hivyohivyo. Mkimwondolea adhabu hiyo, atasema ukweli.

Hatua ya nne: chagua mahali

Nje ni bora kuliko ndani, karibu kwa kila ugonjwa. Mti wenye kivuli, ua wa shule siku ya Jumamosi, veranda ya zahanati upande usio na wagonjwa. Ofisi yenye madirisha yaliyofungwa na kiyoyozi ni mahali pabaya hata kama inaonekana safi. Hakikisha kuna choo, maji na mkeka. Kama hakuna bomba, kibuyu chirizi, kile kidumu cha maji kinachoinamishwa kwa mguu, na kipande cha sabuni vinatosha kabisa, na watoto hupenda kukikanyaga. Msimu wa mvua tafuta banda lisilo na kuta.

Nyumbani kwa mlezi ni pazuri kama pana uwanja na pande zote mbili zimeridhia, lakini usilazimishe. Baadhi ya mipango ya malezi haitaki mzazi ajue mtoto anapoishi.

Hatua ya tano: nauli na njia

Ziara nyingi hufia stendi. Wakati wa korona mabasi yaliagizwa kubeba abiria waliokaa tu, na mzazi anayetegemea kibarua cha siku anapoteza nauli pamoja na mshahara wa siku hiyo. Kama halmashauri au shirika lina fungu la usafiri, ombeni mapema, na mzazi aambiwe waziwazi atarudishiwa kiasi gani. Mpe barua fupi yenye muhuri inayoeleza safari yake, itamsaidia njiani kama kuna vizuizi. Apande daladala lisilojaa, akae dirishani na kulifungua. Bodaboda ni ya abiria mmoja, na kofia ya kuazima ivaliwe juu ya kitambaa chake mwenyewe.

Hatua ya sita: mwandae mtoto, kisha mwandae mzazi

Anza siku tatu au nne kabla. Ukianza wiki mbili kabla, mtoto mdogo atauliza kila asubuhi kama ni leo, na tarehe ikihamishwa utakuwa umemuumiza. Mwambie atakayekuja, mtakapokutania, mtakachofanya, na kwamba baadaye mtarudi nyumbani kwa mlezi. Hiyo ya mwisho isiachwe. Watoto wengi hudhani siku ya kumwona mama ndiyo siku ya kurudi kwake.

Barakoa inawatisha wadogo. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri mwaka 2020 kwamba watoto wa miaka mitano kushuka chini wasilazimishwe kuvaa. Lakini mtoto huyo atakutana na uso wa mama uliofunikwa nusu, baada ya miezi mingi. Dawa yake ni rahisi: mama asimame hatua kadhaa mbali, hewani, ashushe barakoa, atabasamu, amwite mtoto kwa jina lake la nyumbani, kisha aivae tena kabla ya kusogea. Simu ya video siku mbili kabla, au picha iliyobandikwa kitandani, husaidia pia.

Kukumbatiana ndiko kunakoogopwa zaidi na ndiko mtoto anakohitaji zaidi. Kwa ugonjwa wa hewa, kumbatio fupi nje, nyuso zikielekea pande tofauti, ni hatari ndogo. Mtoto mdogo amkumbatie mama kiunoni au miguuni, mama ainame na kumbusu utosini. Kama ugonjwa ni wa mgusano na kuna shaka ya kweli, mfundishe mtoto kabla namna nyingine ya kusalimiana: mkono kifuani, wimbo wao wa zamani, kucheza kila mmoja kwenye mkeka wake. Asije akayajua mambo haya kwa mara ya kwanza pale anapokimbia mikono imenyooshwa na mtu mzima akamdaka begani kumrudisha nyuma. Hicho ni kitendo cha sekunde moja, na mtoto atakibeba muda mrefu.

Shikamoo isemwe kwa mdomo. Bibi anayetarajia kushikwa mkono aelezwe kabla, na aelezwe na mtu anayemheshimu, asione mjukuu amekosa adabu.

Mzazi naye aandaliwe kwa ukweli. Aambiwe kwamba mtoto anaweza kujificha nyuma ya mlezi, anaweza kumwita mlezi "mama", anaweza kukasirika na kuuliza "kwa nini hukuja?" Mpe jibu la kutumia: "Nilitaka kuja. Kulikuwa na ugonjwa, wakubwa wakasema tusubiri. Nilikukumbuka kila siku." Asiahidi tarehe ya kumchukua. Na mlezi akimsukuma mtoto taratibu kuelekea kwa mama, huku akisema "nenda ukamsalimie, mimi nipo hapa", anafanya kazi ambayo hakuna afisa anayeweza kuifanya kwa niaba yake.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Saa 1 asubuhi piga simu nyumba zote mbili. Uliza homa, kikohozi, kuharisha, vipele, na kama kuna mtu mgeni aliyelala ndani. Kipimajoto cha kwapani kikisoma nyuzi 37.5 au zaidi, ziara inahama.

Wakifika, wanawe kwanza, mtoto akiwaonyesha. Kisha waacheni. Kosa la wasimamizi wengi ni kukaa katikati na kurudia "umbali, umbali" mpaka saa nzima inaisha. Kaa mahali unapoona, na nyamaza mpaka kuwe na sababu. Leta kitu cha kufanya: kusuka nywele kama mgusano unaruhusiwa, kucheza bao au mdako, kuchora, kupitia picha za ndugu kwenye simu. Ziara ya kwanza isizidi saa moja au moja na nusu, hasa kwa aliye chini ya miaka mitano.

Kuhusu chakula, ningependa tuwe wakarimu ugonjwa unaporuhusu. Mama anayebeba maandazi ameyapika usiku, na kumwambia ayarudishe ni kumwambia mapenzi yake ni uchafu. Pale ambapo chakula si njia ya maambukizi, kipakuliwe kila mtu sahani yake, tuache sinia moja kwa sasa, wakale nje wakiwa wameachana kidogo kwa kuwa barakoa zitakuwa chini.

Dakika kumi kabla ya mwisho, tangaza. Pangeni tarehe ijayo mbele ya mtoto na aiweke alama kwenye kalenda kwa mkono wake. Mama ndiye aondoke wa kwanza ikiwezekana, mtoto abaki mahali palepale na mlezi kwa muda kidogo.

Hatua ya nane: siku zinazofuata

Usiku wa kwanza mtoto anaweza kukojoa kitandani, kugoma kula, kupiga wenzake au kulia bila kusema sababu. Mlezi anachoka na kusema ziara zinamvuruga mtoto. Kwa kawaida hizo ni dalili za mtoto anayempenda mtu aliyeachana naye tena. Andika ulichokiona, mpe muda, mruhusu amzungumzie mama yake. Hali ikizidi ziara hadi ziara, au mtoto akieleza jambo la kutisha lililotokea, mwite afisa mara moja au piga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto inayofanya kazi Tanzania, Kenya na Uganda.

Kuhusu ugonjwa, fuatilia kwa siku ulizopewa na mtu wa afya kwenye hatua ya kwanza. Mtu akiugua upande wowote, upande mwingine uambiwe siku hiyohiyo, bila kutafuta wa kulaumiwa. Ziara zisimame kwa familia hiyo tu, kwa siku zinazojulikana, na tarehe ya kuanza tena iandikwe siku ileile ya kusimamisha.

Wakati wa kusubiri, simu ziendelee. Mtoto wa miaka miwili hawezi mazungumzo, lakini dakika tano za kila jioni za sauti ya mama akimwimbia zinatosha. Kwa familia isiyo na simu janja, ujumbe wa sauti urekodiwe kwenye simu ya afisa au ya mtendaji wa kijiji. Mama akituma kanga aliyoivaa, ifuliwe, ianikwe juani, apewe mtoto alalie.

Hatua ya tisa: kutoka saa moja kwenda kulala

Ziara mbili au tatu zikienda vizuri, ongeza muda, kisha ongeza watu: wadogo zake kwanza, maana ndugu waliotenganishwa kwenye nyumba mbili husahaulika kabisa. Baadaye mchana mzima nyumbani kwa mama. Kulala ni uamuzi mkubwa zaidi kwa sababu chumba kimoja usiku kucha hakina umbali wala hewa ya kutosha. Kabla ya usiku wa kwanza, afisa aitembelee nyumba, ajue majina ya wote wanaolala humo, aone dirisha linafunguka, aone chandarua. Mtoto aende na dawa zake zikiwa na maelezo ya saa, kadi ya kliniki au ya bima, nguo za siku mbili, na kikaratasi chenye namba za mlezi, afisa na kituo cha afya kilicho karibu. Kama mlezi ni mtu mwenye hatari kubwa ya kuugua sana, mkubaliane mapema mtoto akirudi atalala chumba kipi katika siku za kwanza, na nani atakaa naye humo ili asijione ametengwa.